Safari Fupi ya Wakati wa Baridi

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni. Somo: Luka 1:39–56)

 

Tumo katika mwezi wa Julai, na kule Ukambani watu wametoa sweta na makoti sandukuni. Msikilizaji aliye mbali huenda akacheka akisikia kwamba Migwani kuna baridi. Atasema, je, Migwani si ile iliyo katika Kitui, nchi ya jua na vumbi? Na tena si karibu sana na ikweta, kiasi cha nyuzi moja tu upande wa kusi? Naam, ndivyo. Lakini aliyelala Migwani katika mwezi wa Julai hatacheka. Nchi ile imeinuka juu, na ina vilima vingi. Katika Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi hutoka baharini, mawingu hutanda chini chini, na pengine jua halionekani mpaka saa nne au saa tano. Manyunyu huanguka, mepesi mno hata hayajazi kikombe, lakini yanatosha kulowesha nguo ya mtu aliyetoka alfajiri kwenda kuteka maji. Kule Ulaya wakati wa baridi ni Desemba hadi Februari, na theluji huanguka juu ya mapaa ya nyumba. Sisi theluji yetu iko juu ya milima mirefu tu, kama Mlima Kenya na Kilimanjaro. Baridi yetu ni kipupwe.

Lakini kipupwe kina heri yake. Ni wakati mwema kuliko wote wa kwenda kwa miguu. Katika Septemba na Oktoba ardhi huwaka chini ya nyayo, na mtu hutafuta kivuli kila hatua mia. Katika Novemba mvua za vuli huja, njia huteleza, na mito iliyokuwa mikavu hujaa ghafula. Lakini katika Julai mto ni mchanga mtupu, waweza kuuvuka bila kuvua viatu. Kazi ya shamba imepungua. Mbaazi zingali shambani, zikingoja kukauka. Walio na haraka huchuma mbichi za kupika. Basi mtu anayo nafasi, njia ni kavu, na hewa ni baridi. Mwendo wa saa mbili hauchoshi hata mzee, akiwa na fimbo yake na wa kuzungumza naye.

Mtu akitoka soko la Migwani, akaiacha barabara ya lami itokayo Kitui, akashika njia ya miguu kuelekea vijiji vya vilimani, upande wa Kyome au wa Nguutani, hatakwenda sana kabla kelele za pikipiki hazijakwisha masikioni mwake. Njia ni ya udongo mwekundu. Kando yake kuna matuta yale tuyaitayo fanya juu, ambayo baba na mama zetu waliyachimba kwa majembe ili mvua isichukue udongo. Kuna miti ya mikau iliyopandwa kwa ajili ya mbao, na mmoja mmoja mbuyu uliosimama kama mzee asiyeamkiwa. Punda hupita na mitungi ya maji mgongoni. Mama mmoja huteremka na kiondo, ukanda wake umepita juu ya paji la uso. Wakikutana, watu husimama. Wakamba huulizana *uvoo*, maana yake habari. Hawaulizi huku wakienda; husimama, wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua iliyokosa. Baada ya hapo kila mtu hushika njia yake, na kimya hurudi.

Ndugu wapendwa, leo twataka kusema juu ya kimya hicho.

Msafiri akipita katika vijiji vile husema, Pazuri sana hapa, pametulia. Asema kweli. Lakini kimya ni kizuri kwa apitaye. Kwa akaaye ndani yake huenda kikawa kitu kingine. Kwa nini kijiji kimetulia? Kwa sababu vijana wamekwenda Nairobi, Thika na Mombasa kutafuta kazi. Kwa sababu nyumba hii amebaki bibi na mjukuu mmoja, na nyumba ile amebaki bibi peke yake. Sauti zilizojaza ua, za watoto, za twanga ya muthokoi, za mabinti wakicheka kisimani, zimehamia mjini. Mabati ni mapya, maana watoto hawakumsahau mama yao. Lakini ndani ya nyumba hakuna wa kusema naye.

Sasa tazameni Neno la Mungu. Katika sura ya kwanza ya Luka twasoma habari ya nyumba moja iliyokuwa katika nchi ya vilima ya Uyahudi. Ilikuwa nyumba ya kuhani Zakaria na mkewe Elisabeti. Mara nyingi tukisoma habari hii twaharakisha kufika kwenye wimbo wa Mariamu. Leo tusiharakishe. Tutazame nyumba yenyewe ilivyokuwa kabla mgeni hajabisha hodi.

Zakaria alikuwa bubu. Tangu siku ile alipomwona malaika hekaluni hakuweza kusema, na baadaye twasoma kwamba watu walimwuliza kwa ishara. Elisabeti naye, Luka asema, alijificha miezi mitano. Alikuwa mzee, na sasa ana mimba. Tunajua jinsi majirani wanavyosema. Basi katika nyumba ile mume hawezi kusema, na mke hataki kuonekana. Hebu fikiri jioni zao. Moto unawaka, chakula kiko mezani, baraka ya Mungu imo ndani ya nyumba ileile, lakini hakuna sauti. Ni nyumba ya haki, nyumba ya maombi, na ni nyumba kimya.

Ndipo Mariamu akaondoka, akaenda upesi mpaka nchi ya vilima. Toka Nazareti hadi vilima vya Yuda si mwendo mfupi; ni zaidi ya kilometa mia moja, kazi ya siku kadhaa. Luka hatuambii alichukua zawadi gani. Hatuambii juu ya kikapu wala nguo wala fedha. Atuambia jambo moja tu alilolifanya alipoingia: alimwamkia Elisabeti. Na Elisabeti aliposikia maamkio yale, mtoto akaruka tumboni mwake, naye akajazwa Roho Mtakatifu, akasema kwa sauti kuu. Yule mama aliyejificha miezi mitano alipaza sauti! Nani alifungua kinywa chake? Mungu. Lakini Mungu alitumia nini? Alitumia salamu ya binti aliyekuja kwa miguu.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji apate hasara, ingawa mchele utapungua. Walijua kwamba kuna ugonjwa ambao dawa yake ni mtu kuingia mlangoni.

Lakini tena tazameni upande wa pili. Je, Mariamu mwenyewe hakuwa na shida? Alikuwa msichana aliyeposwa, na sasa ana mimba ambayo hakuna atakayeiamini. Katika Nazareti angemwambia nani? Alipofika kwa Elisabeti hakuhitaji kueleza. Yule mzee alimwita mbarikiwa kabla hajasema lolote. Mwenyeji alipona, na mgeni pia alipona. Na ndipo Mariamu alipomwimbia Mungu. Wimbo ule hakuuimba Nazareti alipotembelewa na malaika. Aliuimba katika nyumba ya vilimani, alipopokewa na mama mzee. Kisha akakaa huko kadiri ya miezi mitatu.

Tuwaeleze jambo tuliloliona. Mwezi wa Julai mmoja, miaka michache iliyopita, sisi watu sita tuliondoka saa tatu asubuhi, ukungu ulipoanza kupanda, kwenda kuwaamkia wazee katika vijiji vya vilimani. Tulikuwa akina mama watatu, mzee mmoja wa kanisa, na vijana wawili. Hatukuwa na mkutano wala mahubiri. Tulichukua unga kidogo, sukari, majani ya chai na kiberiti.

Katika nyumba ya tatu tulibisha hodi, kimya. Tukabisha tena. Sauti nyembamba ikajibu kutoka ndani. Tulipoingia tulimkuta mama mmoja wa miaka mingi, amejifunika blanketi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia ili baridi isiingie, na karibu na kitanda kulikuwa na jiko la makaa. Alisema kichwa kinamwuma tangu jana, na kifua kinambana. Mama mmoja kati yetu alilitoa jiko nje mara moja, akalivuta lile gunia dirishani.

Tukamwuliza, "Mwaitu, umekula nini?" Akasema alikunywa chai ya rangi juzi. Unga ulikwisha. Tukamwuliza kama watoto wake wanajua. Akatuonyesha simu yake ndogo juu ya kiti. Ilikuwa imezimika. Dukani ndiko huwekwa umeme wa simu, na duka liko mwendo wa kilometa mbili, naye miguu haikumruhusu. Kijana mmoja akaipeleka kwa jirani mwenye mtambo wa jua. Ilipowaka, ujumbe uliingia: mwanawe aliyeko Nairobi alikuwa amemtumia shilingi elfu tatu, siku nne zilizopita. Fedha ilikuwa imelala ndani ya simu iliyokufa, na mama alikuwa amelala njaa kando yake.

Tulimpigia yule mwana. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilidhani amekwisha kula."

Wapendwa, msiwe wepesi kumhukumu mwana yule. Hakumsahau mama yake. Alifanya kazi, akatoa katika mshahara wake, akatuma. Alipopiga simu isipatikane, alifikiri ni mtandao, kama wengi wetu tungalifikiri. Wala mama hakukosa. Mwana hakukosa, mama hakukosa. Njia ndiyo iliyokosa mtu wa kuipita. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza katika Kenya, fedha yaweza kutoka Nairobi hadi kilima cha Kitui kabla chai haijapoa. Twamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Limelipa karo na kununua dawa. Lakini fedha haifungui dirisha. Fedha haikoroji uji. Fedha haimwambii mtu kwamba uso wake umepungua.

Tulipika uji, akanywa. Pikipiki ya kumpeleka hospitali ilipokuwa ikingojewa, alikaa juani nje ya mlango, maana jua sasa lilikuwa limetoka, naye akaanza kutuuliza habari. Hakuuliza juu ya fedha. Aliuliza, nani amezaliwa? Nani amekufa? Mbaazi za huko chini zimebeba? Kisha akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa amekaa kando bila kusema neno. Kijana yule alikuwa amemaliza masomo miaka miwili nyuma, na kazi hakupata. Alikuja nasi kwa sababu mama yake alimlazimisha. Akamwuliza, wewe u mtoto wa nani? Kijana akataja jina la babu yake. Mama akacheka. Akasema, "Babu yako tulichimba naye matuta yale. Kila asubuhi ya mwethya yeye ndiye alikuwa wa kwanza, naye hakuwa na shamba upande ule hata tuta moja." Kijana aliinua uso, akayatazama matuta. Alikuwa ameyapita tangu utoto wake, wala hakujua kwamba mikono ya babu yake imo.

Mama alitibiwa nimonia, akarudi nyumbani. Na kijana yule, bila kutumwa na mtu, alirudi kule kilimani juma lililofuata na nyundo na misumari, akatengeneza dirisha lifungike bila gunia. Hatukusema neno la mahubiri siku ile. Lakini twauliza, nani alimtembelea nani?

Wasikilizaji wa Ukambani watatuelewa tukisema kwamba wazee wetu ni kama mito yetu. Mgeni akiuona mto wa Kitui katika Julai husema, umekauka. Mwenyeji hasemi hivyo. Huchimba kwa mkono katika mchanga, akangoja, na maji huja polepole kutoka chini. Ndiyo sababu katika Kitui, Machakos na Makueni vikundi vya mwethya vimejenga kuta za mawe na saruji kukingama mito, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, ukuta huushika, na baada ya misimu kadhaa mchanga hujaa hadi juu. Katika mchanga ule maji hukaa, pengine robo ya ujazo wake au zaidi, wala jua haliyakaushi upesi kama maji ya bwawa lililo wazi. Apitaye juu kwa pikipiki huona mchanga mtupu. Apigaye magoti na kuchimba hunywa.

Ndivyo alivyo mama mzee katika nyumba kimya. Aliyepita upesi huona umri na ugonjwa. Aliyeketi akangoja huyapata maji: kumbukumbu, maonyo, maombi, jina la babu yake mwenyewe. Lakini maji ya mchangani hayachotwi kwa haraka. Ukiyachokoza huchafuka. Hali kadhalika mzee hafungui moyo kwa mtu anayeangalia saa.

Huenda mmoja atasema, zamani watu walitembea kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Ni kweli, wala hatuzisifu taabu zao. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf alikuja kwa miguu kutoka pwani hadi Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa Wakamba. Tarehe 3 Desemba mwaka ule, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa mbali, na huko Ulaya wataalamu wengine hawakuamini kwamba pana theluji karibu na ikweta. Alirudi mwaka 1851. Katika safari ile Kivoi aliuawa karibu na mto Tana, na Krapf alikimbia peke yake porini. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, asife kwa kiu. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walitoka Mombasa wakafika Nzaui, katika Makueni ya leo, wakaanza kazi ya Africa Inland Mission. Naye Scott alifariki Desemba 1896, baada ya mwaka mmoja tu. Walutheri wa Leipzig walianza kituo Mulango, karibu na mji wa Kitui, ambacho baadaye kilipokewa na Africa Inland Mission. Na baada ya hao, wainjilisti Wakamba wenyewe, wengi wao majina yao yameandikwa mbinguni tu, walikwenda kilima kwa kilima.

Zile zilikuwa safari ngumu. Sisi hatuombwi kujaza maji katika bunduki. Twaombwa kutembea kilometa nne, katika hewa baridi, njia kavu, na jioni kulala kitandani petu. Je, watu walioipokea Injili kwa miguu iliyopasuka watashindwa na safari nyepesi namna hii?

Mwingine aijuaye Biblia atasema: lakini katika Luka sura ya kumi Bwana aliwakataza wale sabini kuamkiana na mtu njiani. Ni kweli. Aliwatuma kwa haraka ya mavuno, wasipotewe na wakati barabarani. Lakini someni mstari unaofuata. Katika kila nyumba watakayoingia, neno lao la kwanza liwe amani. Haraka yao yote ilikuwa ya kufika mlangoni mwa mtu. Haraka yetu mara nyingi ni ya kuupita mlango huo.

Basi tufanye nini? Tuseme mambo machache yaliyo wazi.

Kwanza, tusiende mmoja mmoja, bali wawili au watatu, na mmoja wao awe kijana. Wazee wakienda peke yao watazungumza juu ya magonjwa tu, na vijana wakienda peke yao wataogopa. Tuondoke ukungu ukipanda, turudi kabla ya giza.

Pili, tubishe hodi na tungoje. Nyumba ya maskini ina mlango kama nyumba ya mkuu. Mama wa watu huenda anataka kujifunga kitambaa kabla hajaonekana.

Tatu, bahasha za michango tuziache kanisani. Tumesikia watu wakisema kwamba wakimwona mzee wa kanisa anapanda kilima hujificha, kwa maana wanajua anakuja kwa ajili ya harambee. Hilo ni jambo la kusikitisha. Mtu wa Mungu akionekana kwenye njia, watu wafurahi.

Nne, tutumie macho. Mtungi una maji? Simu ina moto? Dawa zimekwisha? Na katika miezi hii ya baridi tuangalie jiko. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Kichwa kuuma na kizunguzungu ni onyo. Jiko lilale nje, na dirisha liachwe wazi kidogo, hata kama baridi ni kali. Blanketi la pili ni zawadi bora kuliko gunia la makaa.

Tano, tusikilize kuliko kusema. Ombi letu liwe fupi. Na kabla hatujaondoka, tumwombe mwenyeji naye atuombee sisi. Asibaki yeye tu ndiye mpokeaji. Elisabeti ndiye aliyembariki Mariamu.

Na ninyi mlio mijini, mnaotuma kila mwisho wa mwezi, msivunjike moyo. Endeleeni kutuma. Lakini pamoja na kutuma, mtafuteni mtu mmoja karibu na mzazi wenu, jirani au mshiriki wa kanisa, awe macho yenu na miguu yenu. Simu ya mama isipopatikana siku mbili, msiseme ni mtandao. Mpigieni huyo mtu, aende. Na mkipata likizo, njoni wenyewe. Mtume Yakobo, katika sura yake ya pili, asema juu ya mtu anayewaambia wenye njaa wakaote moto na kushiba, wala hawapi mahitaji ya mwili. Sisi twaweza kuongeza kwamba yawezekana hata kuwapa mahitaji ya mwili, tena kwa uaminifu, na bado mahitaji hayo yasifike mdomoni kwa kukosa mkono mmoja wa karibu.

Wapenzi wasikilizaji, Mungu wetu mwenyewe hakututumia wokovu kwa mbali. Angeweza kunena tu kutoka mbinguni. Lakini Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Alitembea njia za Galilaya kwa miguu, akaingia katika nyumba ya Petro, akamkuta mkwewe ana homa, akamshika mkono. Na hata baada ya kufufuka kwake, alijiunga na watu wawili waliokuwa wakienda Emau, mwendo wa kama kilometa kumi na moja, akatembea nao kwa hatua zao, akawauliza wanazungumza nini. Yeye aliyejua yote aliuliza habari. Anayemfuata Bwana wa namna hii hawezi kuridhika kuwa Mkristo wa mbali.

Kipupwe hakitadumu. Agosti itakwisha, joto litarudi, kisha mvua, kisha kazi ya kupanda, na kila mtu atakuwa na udhuru wa kweli. Lakini sasa njia ni kavu. Juu ya kilima pana mlango uliofungwa kwa ajili ya baridi, na nyuma yake kuna mtu anayemjua Mungu kuliko sisi, ambaye hajasikia jina lake likiitwa tangu Jumapili iliyopita. Jumamosi hii, twende.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemtuma Mwanao atutembelee tulipokuwa gizani, twakushukuru. Wakumbuke wote wakaao peke yao katika miezi hii ya baridi. Uwatie joto, uwape pumzi, wala usiwaache walale njaa. Uwabariki watoto wao walio mbali, ubariki kazi ya mikono yao. Utupe sisi miguu iliyo tayari na masikio yasiyo na haraka. Na tukibisha hodi katika nyumba kimya, salamu yetu iwe amani yako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.